Misimu Mitatu kwenye Meza ya Nzi

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Septemba, saa tisa na nusu alasiri, kwenye saluni ya Mama pale Bertrams, huku Sauzi, mvua ya kwanza ya msimu ikigonga bati. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa nina kumi na saba na nimestaafu. Usicheke, Furaha. Mtu akiacha kazi aliyoifanya misimu mitatu ili asomee mtihani wa matric, ule wa kumaliza shule, hilo nalo ni kustaafu, na anayestaafu huwaandikia wanaobaki. Anayebaki ni wewe, binamu yangu. Kuanzia msimu ujao kiti changu ni chako, kile chenye mguu mmoja mfupi. Naandika kwa sababu unanijua: nikianza kueleza kitu mbele ya watu, masikio yanawaka moto na maneno yanaisha.

Cheo sikuwahi kupanda. Tulikuwa wawili mezani na cha juu kilikuwa na mwenyewe. Mshahara nao tuuache, utaujua mwenyewe na utanyamaza kama mimi.

Siku ile nilikuwa namalizia nywele za shingoni za mteja, zile ndogondogo ambazo Mama huniachia kwa sababu anasema macho yake yamechoka. Mteja alikuwa Bi Mwanaidi. Ni Mtanzania wa Morogoro, aliolewa na Msauzi aliyekuwa ukimbizini kule, akamfuata hapa uhuru ulipokuja. Mumewe alishafariki. Alimwachia nyumba Observatory, mtoto mmoja wa kiume anayeitwa Vusi, na meza ya kazi kwenye gereji. Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilihisi tu mkono wake umenishika kidole cha shahada palepale shingoni.

"Hivi vidole ni vya nani?" akauliza kwenye kioo.

Mama akajibu, "Ni ya mutoto yangu, Neema. Iko na haya, lakini anasuka."

"Haya sina shida nayo. Naomba uniazime hivi vidole Jumamosi."

Basi nikaazimwa, kama sufuria.

Jumamosi iliyofuata nikapanda mtaa kwenda Observatory. Alipofungua mlango nikasema, "Jambo, Mama." Akabaki ananitazama. Nikadhani nimekosea nyumba.

"Huko kwenu hakuna shikamoo?"

"Hakuna."

"Hapa ipo."

Nikaitoa, akaipokea, tukaingia gereji. Tangu siku hiyo Kiswahili changu ni nusu cha Mama, cha kwao Uvira, na nusu cha Bi Mwanaidi, na kila mmoja anaona nusu ya mwenzake ndiyo iliyoharibika.

Sasa kazi yenyewe. Nzi tunaowazungumzia hapa hawaruki. Ni ndoana ndogo unayoivisha uzi, manyoya na nywele mpaka samaki aamini ni mdudu wa majini. Sisi huwafunga, na Kaka Vusi huwatumia anapowapeleka mto Vaal wateja wanaolipa ili wafundishwe kuvua. Samaki tunayemtafuta ni yelo. Ana rangi ya dhahabu, nguvu za punda, na midomo minene kama mtu aliyenuniwa akanuna zaidi. Hula vizuri tangu mvua za Septemba mpaka baridi ya Mei inapoanza kuuma, ndiyo maana kazi yetu ina msimu kama maembe.

Siku ya kwanza nzima nilibana meno. Kila ndoana ina kijino kinachomzuia samaki asichomoke. Sisi tunakilaza kwa koleo, kwa sababu pale Vusi anapovua, mwenye shamba ana sheria moja: yelo anarudi majini akiwa hai, na ndoana itoke bila kumchana. Bana kabla ya kufunga, Furaha. Ukibana baadaye ndoana ikavunjika, umepoteza nzi mzima na utaambiwa hivyo kwa Kiswahili cha Morogoro.

Mengine ya mezani ni haya. Ndoana inakaa kwenye vaisi, kile chuma cha kubana, na usiikaze kama unafunga mlango wa jela. Nyuma ya tundu la ndoana acha nafasi ndogo, la sivyo mteja hatapata pa kupitisha mshipi. Kichwa cha nzi tunakipaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Uzi usiulambe, Bi Mwanaidi ameushika kwa mkono uliomenya kitunguu. Na tamthilia yake ya Kituruki ikianza, usiulize swali lolote, hata kama gereji inaungua.

Kisha kuna sanduku. Liko juu ya rafu, la mbao, la marehemu mzee. Ndani kuna nzi walio na majina: Shemeji, Kodi ya Nyumba, Mjane Mweupe. Nikamuuliza majina yanatoka wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu ya mwezi wa kwanza.

"Mzee wangu aliweka utaratibu," akasema. "Nzi hapati jina mpaka aliyembuni amvulie samaki kwa mkono wake mwenyewe, amshike, na amrudishe mzima. Kabla ya hapo ni uzi tu."

"Na Shemeji alibuniwa na nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo ulivua?"

"Nilivua mara moja. Maji yakaingia kwenye viatu. Sijarudi."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Lakini njiani kurudi Bertrams nilikuwa nawaza sanduku. Nilitaka jina humo ndani. Nilitaka kuliko simu mpya, kuliko kupasi jiografia. Nilikuwa mtu ambaye darasani mwalimu huniita kwa jina la msichana aliyeshahama shule, na mimi naitika.

Nzi wangu nilimbuni msimu uleule. Unajua Mama akimaliza kusuka huchukua kiberiti cha gesi akayeyusha ncha za meshi, zile nywele za bandia, zisifumuke. Nikajiuliza, je, nikiyeyusha hapa kichwani? Nikachukua meshi nyeusi ya namba moja B, ileile ya saluni, nikaiosha kwa siki kwanza maana ina dawa inayowasha, nikaizungusha juu ya waya wa shaba niliouchomoa kwenye redio mbovu, kisha nikagusisha moto kidogo. Ikajikunja ikawa kichwa kidogo kigumu, cheusi, kinachong'aa kama jicho la mende. Bi Mwanaidi akakiweka kwenye mwanga, akakigeuza, akakinusa.

"Rasta hii?" Yeye meshi anaita rasta.

"Ndiyo, Bi."

"Kinatisha. Nenda kakivulie."

Ndipo ugumu ulipoanza, maana kufunga ni kukaa kimya na kuvua ni mbele za watu.

Safari yangu ya kwanza mtoni, nzi aliruka nyuma yangu akanasa kwenye mti. Kaka Vusi alikuwa hatua chache tu, na mteja wake. Ningeweza kumwita. Nikaona aibu. Nikasimama majini asubuhi nzima, fimbo mkononi, mshipi ukiwa mtini, nikitikisa kidogo kila mara ili nionekane navua. Mteja akanipungia mkono akasema nina subira sana.

"Eish, Neema," Vusi akaniambia tukiwa kwenye bakkie, pikapu yake, "yaani wewe ulikuwa unavua ndege?" Vusi alikuja hapa mdogo, Kiswahili anakielewa chote, ila akikisema huwa anakisukuma kama gari bovu.

Safari ya pili, msimu uliofuata, yelo alimeza kweli. Fimbo ikapinda. Nilishtuka nikasema "samahani," nikalegeza mshipi, akaenda zake. Nilimwomba samaki msamaha, Furaha. Vusi alisikia. Mpaka leo nikimpigia simu anapokea kwa kusema samahani.

Katikati ya hayo kulikuja kazi ngumu kuliko zote. Mteja mmoja, daktari wa meno mstaafu, alikuwa anasafiri kwenda nchi za baridi kuvua samoni. Akatueleza kwamba samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mtoni kwao kutaga, na kuna trauti mkubwa anayefanya vilevile. Alitaka nzi wakubwa, wa rangi kali. Samoni sisi tulimjua wa dukani, amelala kwenye plastiki, hata kichwa hana.

"Anapenda rangi gani?" Bi Mwanaidi akamuuliza.

"Waridi. Zambarau. Chungwa."

Tukatazamana. Desemba ilikuwa inakaribia na saluni ya Mama ilikuwa imejaa rangi hizohizo. Wiki nzima nilifagia chini ya viti kwa bidii ambayo Mama aliishangaa. Dada Clarisse wa duka la vitambaa ndiye aliyekuwa na waridi nzuri kuliko zote, na masalio yake yote niliyafunga.

Daktari akatuma picha. Samaki wa fedha, mrefu kama mtoto wa miaka mitatu, na pembeni ya mdomo wake zinaning'inia nywele za Dada Clarisse. Mama akaichapisha akaibandika ukutani, katikati ya picha za mitindo. Wiki ileile mteja mgeni akaketi, akainua kidole akakielekeza kwenye picha ileile: "Mimi nataka kama huyu." Mama hakusita. Akauliza tu, "Ndefu ama ya mabega?"

Kwa hiyo nywele zilikuwa zimesafiri, zimevua, zimepigwa picha. Aliyezifunga hakuwa na hata samaki mmoja. Na mwaka huu Januari, nilipoingia matric, Mama akasema msimu huu ukiisha, naacha. Vitabu tu. Nikakubali, ana haki. Nilibaki na miezi ya mwisho ya joto, na kila Jumamosi ama mto ulijaa tope, ama bakkie ilijaa wateja. Ikabaki Jumamosi moja, hiyo uliyokuwepo mwenyewe. Nitaieleza hata hivyo, kwa sababu wewe ulikuwa unakula biskuti nusu ya muda.

Mama aliamua kuja. Alisema hawezi kumwachisha mtoto kazi ambayo hajawahi kuiona. Asubuhi nikamkuta barabarani amevaa kitenge chake cha ndege wa bluu, na pembeni yake sufuria kubwa na nyingine ndogo, makaa, mafuta, nyanya, kitunguu, pilipili na unga wa bugali. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa misimu mitatu sikuwahi kumwambia yelo hurudishwa. Nilikuwa sijavua hata mmoja, kwa hiyo swali halikuwahi kufika. Aliona sileti samaki nyumbani, akajua sijui kuvua, akanihurumia kimyakimya.

Nikamwangalia Vusi. Vusi akaiangalia sufuria.

"Mwambie," akaninong'oneza.

"Mwambie wewe."

"Hapana, mimi ni dereva."

Hakuna aliyemwambia. Tulipita robot zote za mji, yaani taa za barabarani, na mashamba yote mpaka mtoni, na Mama anamweleza Bi Mwanaidi jinsi wanavyokaanga samaki Uvira, ziwani, kitunguu kikiingia mwisho. Bi Mwanaidi, anayejua sheria kuliko mwenye shamba, aliitikia, "Ehee. Na pilipili?"

Maji yalikuwa safi, yameshuka, yanakimbia kati ya mawe. Bi Mwanaidi alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, mbali na chochote kinacholowesha. Mama akawasha makaa. Mimi nikaingia mpaka magotini na nzi wangu wa namba moja B, nikawa namtupa juu ya mkondo na kumwacha ateremke kwenye mawe, tena na tena. Hakuna kitu. Nyuma yangu sauti ya Mama:

"Neema. Mafuta imepata moto."

Tena baada ya muda: "Neema, naitoa kwa moto, eh? Utaniambia."

Jua likahama. Vusi akaniambia kwa upole kwamba tumebakiwa na muda mfupi, niende pale kwenye maji meupe, mahali ambapo huwa sipendi kwa sababu huonekana kutoka kila upande. Nikaenda. Nilimtupa nzi, mshipi ukasimama kana kwamba umeshikwa na jiwe, kisha jiwe likaondoka.

Sikusema samahani. Niliinua fimbo na nikapiga kelele, mimi, kelele yenye sauti: "Ninaye. Kaka Vusi, ninaye." Watu wa ng'ambo waligeuka. Samaki alikimbia chini ya mto akinivuta, na mimi namfuata nikiteleza, nacheka, nalia, sijui. Vusi akapapasa mgongoni na kukuta wavu umebaki kwenye bakkie. Akakimbia kuufuata. Yelo akageuka kuelekea ukingoni, mshipi ukalegea, na ndoana yetu haina meno. Nilijua namkosa.

Ndipo Mama akafungua kitenge. Chini alikuwa na sketi, lakini Bi Mwanaidi alifumba macho hata hivyo. Akaingia majini mpaka kiunoni, akaita, "Furaha, kamata huku," na wewe ukaacha biskuti. Hukuuliza chochote. Mlikitandaza kitenge chini ya maji dhidi ya mkondo, kama wasichana wa Uvira wanavyokinga ndagala, dagaa wao, na yelo wangu akaingia humo mwenyewe, katikati ya ndege wa bluu. Nikamshika kwa mikono yangu miwili. Alikuwa mzito, baridi, wa dhahabu kweli. Midomo yake ilikuwa imenuna.

Vusi akafika na wavu, anahema. Hakuna aliyeuhitaji.

"Leta kisu," Mama akasema.

Vusi akaanza kukunja wavu.

"Mama," nikasema. Masikio yaliwaka, lakini maneno hayakuisha. "Huyu anarudi."

"Anarudi wapi?"

"Majini."

"Alikuwa majini. Sasa alitoka sababu gani?"

Vusi akaeleza sheria ya mwenye shamba, akichanganya lugha tatu. Mama alimsikiliza akidondoka maji. "Munamutafuta samaki siku muzima. Munamushika. Kisha munamuachilia. Na mafuta yangu?"

Bi Mwanaidi akaona aokoe hali kutoka kwenye kiti. "Mama Neema, usijisumbue. Samaki huyo ana miba kama sindano. Hata akikaangwa vizuri na kitunguu mwishoni, haliki vizuri."

Mama akamgeukia taratibu. "Umejuaje?"

Vusi akamgeukia vilevile. Bi Mwanaidi akaanza kushughulika na mwavuli.

Mimi nilikuwa bado nimemshika yelo ndani ya maji, kichwa kikiangalia mkondo ili apumue, vidole vimekufa ganzi. Nikamweleza Mama sanduku, utaratibu wa marehemu mzee, jina, na kwamba samaki akifa nzi wangu anabaki uzi tu. Yote, mbele ya watu. Mama akainama ajionee hicho kilichopo mdomoni mwa samaki. Akakisugua kwa dole gumba.

"Hii si namba moja B yangu?"

"Ni yenyewe."

"Na hapa uliichoma. Namna ninavyochoma mimi."

"Ndiyo, Mama."

Halafu akasema, "Sogea, unamushika vibaya," akachomoa ndoana, ikatoka bila shida kwa sababu ilibanwa jino, akampokea yelo kwa mikono yote miwili na kumshikilia kwenye mkondo. Alikuwa anamwambia kitu cha chinichini. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alikuwa anamgombeza. Kisha akafungua mikono. Mkia ukatupiga maji usoni sote watatu, na dhahabu ikaondoka.

Tulikula bugali kwa nyanya na kitunguu, tumelowa, tunacheka kila mtu akimtazama mwenzake. Bi Mwanaidi alikuwa amelibeba sanduku la mbao kwenye mfuko wake muda wote, hakuniambia. Akalifungua kwenye magoti.

"Haya, mwanangu. Anaitwa nani?"

Nilikiangalia kile chombo kikubwa kilichokaa karibu na makaa tangu asubuhi, mafuta safi yametulia ndani, hakijaona hata mkia.

"Sufuria Tupu," nikasema.

Mama alinitupia kipande cha bugali. Lakini yupo, Furaha, yuko kati ya Shemeji na Kodi ya Nyumba, na utamfunga mara nyingi, maana Vusi tayari ameagiza. Siki kwanza. Moto kidogo tu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, nilifungua kitabu cha hesabu kama nilivyoahidi. Nikasikia sauti ya Mama uani. Kitenge cha ndege wa bluu kilikuwa kinakauka kwenye kamba, na chini yake Mama alikuwa anamsimulia jirani yetu samaki aliyetoka naye mtoni kwa nguvu zake, na mikono yake ilikuwa imeachana upana ambao yelo hajawahi kuufikia tangu dunia iumbwe. Aliponiona mlangoni akasema, "Muulize Neema. Neema, hakukuwa hivi?"

Jirani akanigeukia. Nikatoka nje, nikaishika mikono ya Mama, nikaitanua zaidi kidogo.